Divai Vinywani mwa Viboko

Yanayosimuliwa hapa ni kweli tupu. Mzee Nzuki ameyaapia kwa meno yake yote, pamoja na yale aliyoyaacha kwa daktari, na anayebisha apande gari hadi Kariobangi South aulizie nyumba ya geti la kijani, mkabala na wachomeleaji. Ataonyeshwa kifuniko cha chuma uani. Akifunue, achungulie, halafu arudi aseme nani mwongo.

Mzee Nzuki alikuwa dereva wa hoteli moja kubwa ya mjini, hoteli ambayo siku hizi ni kanisa la watu wanaopenda spika kubwa. Alistaafu akaja nyumbani na kofia ya kazi pamoja na gunia la hadithi. Kofia ilichakaa upesi. Hadithi zilizidi kunona, na iliyonona kuliko zote ilikuwa ile ya Musiu.

Musiu alikuwa Mfaransa. Nzuki alimpeleka Naivasha, wakashuka kutazama ziwa, na funguo za gari zikamponyoka Nzuki, zikaingia moja kwa moja kinywani mwa kiboko aliyekuwa akipiga miayo. Mtu mwingine angelia. Musiu alifungua kikapu chake, akatoa chupa ya divai nyekundu, akaimimina yote kwenye ulimi wa mnyama yule. Kiboko akalala kinywa wazi, akikoroma kwa Kifaransa, na Nzuki akaingiza mkono hadi kwapani, akazitoa.

"Zilikuwa bado moto," alikuwa akimalizia, huku akionyesha kovu la mkononi ambalo mkewe, Nthoki, alijua fika kuwa ni la jiko la makaa.

Kwa miaka mingi hadithi hiyo haikumdhuru mtu. Ilimgeuka mwenyewe siku alipomsimulia Mzee Andati.

Andati alikuwa baba yake Javan, na Javan ndiye kijana aliyekuwa akitaka kumwoa Ndeti, kitinda mimba wa Nzuki. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi kiwandani mpaka akazoea kusema maneno machache, maana pale kelele za mashine hazikumruhusu mengi. Alikuja mara ya kwanza kujitambulisha, akaketi, akanywa chai, akaulizwa habari za kwao Kakamega. Akasema kwamba amejenga huko nyumba yenye veranda inayozunguka pande zote.

Veranda hiyo ilimwingia Nzuki kama mchanga kwenye kiatu.

"Mimi veranda sina," akasema. "Mimi ninalo ghala la waini. Chini ya ardhi. Musiu hunitumia chupa kila mwaka tangu ile siku ya kiboko."

Chai ikamtoka Nthoki puani.

"Chini ya ardhi wapi?" Andati akauliza.

"Hapa hapa! Umelikanyaga ukiingia."

"Basi twende nilione."

"Ah, mkwe! Waini haiamshwi hivi hivi, inalala. Ukija na mbuzi wa ntheo, wale wa kukamilisha ndoa kwetu Wakamba, nitakuteremsha mimi mwenyewe, uchague chupa kwa mkono wako."

Andati akakiweka kikombe chini taratibu. "Na nisipoyaona hayo?"

"Usipoyaona, mimi Nzuki nitaosha sufuria zote za siku hiyo. Hapa uani, wakwe mmekaa mnaniangalia."

"Kwa aprini ya jikoni?"

"Na aprini ya Mama Ndeti nitaivaa."

Wakapeana mikono. Wageni walipotoka getini, Ndeti hakuanza kukusanya vikombe kama kawaida yake. Alisimama mbele ya baba yake na kitambaa cha meza mkononi.

"Baba, kwa kina Javan ukisema kitu wanakiamini. Hawajui mambo yetu. Mama yake aliniuliza kama kweli uliwahi kuvuka Mto Athi juu ya mgongo wa mamba. Nilimjibu nini? Nilisema sijui. Kesho ataniuliza kitu changu mimi, nimjibu ukweli, naye atasema huyu ni wa yule mzee wa mamba."

"Yule mamba alikuwa mpole, mwanangu..."

"Baba." Sauti yake ikapungua. "Siku hiyo ya ntheo. Kitu kimoja tu. Kitu kimoja kiwe cha kweli."

Nzuki alitafuta mzaha mfukoni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mfuko ulikuwa mtupu.

"Kitakuwa," akasema.

Ndivyo ujenzi ulivyoanza. Aliyoyajua kuhusu divai aliyapata kwenye simu yake, kwenye video za wazee wa Ulaya wanaotembea mapangoni na kunong'ona. Alijifunza kwamba divai inataka baridi, giza na utulivu, na kwamba chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Vitu vyote hivyo, isipokuwa kulala ubavu, ni adimu Kariobangi.

Alijaribu chini ya ngazi. Wapangaji wake wa ghorofa za juu walipanda na kushuka, na glasi ya maji aliyoiweka pale ikacheza chakacha. Alijaribu nyuma ya jiko, joto likamfukuza. Alipima chini ya kitanda, na alipokuwa bado amelala kifudifudi sakafuni, miguu ya Nthoki ikatokea mbele ya pua yake.

"Baba Ndeti, chupa zikilala hapa, wewe utalala wapi?"

Alitoka huko akaenda kukaa uani juu ya kifuniko cha tangi, lile tangi la maji lililochimbwa chini ya ardhi nyumba ilipojengwa. Akakaa akiwaza mahali penye baridi, giza na utulivu. Aliwaza muda mrefu. Kisha akainuka kama aliyekalia msumari.

Tangi lilikuwa kavu. Tangu barabara ya nyuma ichimbwe, mtaa huo haukuwa umeona maji ya mfereji. Watu walinunua ya mkokoteni, wakaoga kwa kikombe na kusameheana. Nzuki akashuka na ngazi ya mbao. Giza lilikuwa la kweli. Nyundo za wachomeleaji zilisikika kwa mbali, kama za mtaa mwingine. Alikuwa amebeba kile kipimajoto ambacho Nthoki huwapimia wajukuu homa, akakiegemeza ukutani, akakisoma kwa tochi. Hakikupanda hata kidogo.

"Hapana homa!" akapaza sauti kutoka shimoni, na Falis, mpangaji wa ghorofa ya tatu aliyekuwa akianika nguo, nusura aangushe shuka.

Akalichora ghala lake kwa makaa kwenye geti, kwa sababu karatasi zilikuwa ndogo kwa wazo hilo. Kuta zipakwe chokaa. Sakafu imwagwe kokoto. Ngazi huku, taa ya sola kule, rafu pande zote. Wapita njia walisimama kuuliza kama ni kaburi. Kwa rafu alimwita Kyule, rafiki yake wa tangu utotoni, mchongaji aliyeletwa Nairobi na ustadi wa mikono yake na ambaye hakuwahi kuchonga kitu kisicho na miguu minne.

"Rafu?" Kyule akakunja uso. "Mimi sichongi rafu. Nachonga twiga. Nachonga kifaru. Rafu nenda kwa seremala."

"Basi nichongee kiboko anayepiga miayo."

Kyule akamtazama, macho yakamng'aa. Haukupita muda mrefu viboko wakawa wamejipanga ukutani, vichwa tu, midomo wazi, kila kinywa kikitosha chupa moja ya kulala. Aliye mkubwa kuliko wote, karibu na ngazi, Kyule alimwekea meno marefu ya kweli kweli, chupa ikiingia inabanwa barabara.

Siku ya kuwafunga, Kyule alinyoosha kidole juu penye kona. "Na hili bomba, Mzee? Tulizibe?"

"Bomba gani?"

"Si hili la kuleta maji."

Nzuki alicheka hadi ngazi ikatikisika. "Kyule, umeona tone tangu wachimbe ile barabara? Hilo si bomba, ni pambo. Siku maji yakija hapa nitayanywa yote kwa mkupuo mmoja!"

Kyule akainua mabega, akatundika koti lake kwenye pambo.

Ghala lilipokamilika, hata Nthoki alishuka akalitazama, akapapasa pua ya kiboko mmoja, akakosa la kulaumu. Lilikuwa ghala la kweli. Ndeti alipoonyeshwa alimkumbatia baba yake palepale shimoni, chokaa ikamwachia alama begani.

Lililobaki lilikuwa dogo tu: divai yenyewe. Nzuki alikuwa na chupa moja. Javan alimletea Krismasi, na ilikuwa imekaa kabatini na utepe wake. Akaitia kwenye kinywa cha kiboko mkubwa. Vinywa vingine vyote vilibaki vikimpigia miayo, na miayo hiyo ilianza kumkera kama dharau.

Hapo ndipo akili yake ya zamani ilipoamka. Ndeti alisema kitu kimoja kiwe cha kweli. Ghala ni kitu kimoja. Divai ni kitu cha pili. Nani alikitaja cha pili?

Akaenda kwa wauza chupa tupu, akarudi na gunia linalolia kama kengele. Akasaga bitiruti akiwa amefunga mlango wa jikoni na kufungulia redio. Bitiruti ni kaidi, haitoi maji mengi, kwa hiyo alijaza chupa nusu nusu. Kioo chenyewe kilikuwa cheusi, nani angejua? Vizibo hakupata, akakata magunzi ya mahindi, akayafunika kwa karatasi ya dhahabu ya biskuti. Lebo aliziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino, maneno ambayo kwa macho yake yalikuwa Kifaransa. Moja ilisomeka "Shato Nzuki". Hiyo aliiweka mbali kidogo na mwanga.

Siku ya ntheo ikafika. Wakwe waliingia wakiimba, mama yake Javan mbele, na mbuzi nyuma wakivutwa kwa kamba. Mbuzi hao ndio wenyewe: wakishachinjwa na kuliwa nyumbani kwa baba wa msichana, Mkamba haiti tena jambo hilo uchumba. Ni ndoa. Wakafungwa getini, wakaanza kulalamika. Ndani ya nyumba maombi yalikuwa marefu, utambulisho ukawa mrefu zaidi, na kila mjomba alikuwa na hotuba. Nzuki alitabasamu kwa wote. Alikuwa amevaa kofia yake ya hoteli.

Mwishowe wakatoka uani. Kisu kilikuwa kimenolewa. Andati akainua mkono.

"Kisu kingoje kidogo. Mimi na mkwe wangu tuna jambo letu. Niliambiwa nitashushwa shimoni."

Wageni wakacheka. Ndeti naye alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana mbele ya kitenge.

"Karibu, mkwe!" Nzuki akasema kwa sauti ya mapokezi ya hoteli. "Karibu uone Ufaransa bila pasipoti."

Ndipo bomba la uani, ambalo koki yake ilikuwa wazi tangu zamani kwa kusahauliwa, likakohoa. Likatema kutu. Likapiga chafya, halafu likaanza kumwaga maji, tele, kama halijawahi kukosea mtu.

"MAJIII!" Falis alipasua anga kutoka kwenye ngazi.

Mtu ambaye hajaishi huku hawezi kuelewa. Nthoki aliacha pilau motoni, akanyakua mtungi. Wapangaji walishuka na ndoo, beseni, hata karai la mtoto na mtoto akiwa bado ndani yake. Mama yake Javan, mgeni wa heshima, alivua viatu akachukua ndoo kama mwenyeji. Mtaa mzima ulipiga kelele za sikukuu. Kati ya watu wote wa Kariobangi, ni mmoja tu aliyesimama kama aliyeletewa habari za msiba.

"Pampu!" Falis akawa anakimbilia swichi. Ndiyo kawaida: anayesikia maji kwanza huwasha pampu ya tangi, yapande juu kabla hayajakatika.

"Falis, usiwashe!"

"Mzee wangu, tungoje yapotee?" Na pampu ikanguruma.

Nzuki alijiambia kwamba labda maji ndiyo kwanza yanaanza. Hakujua kwamba chini kule, kupitia lile bomba aliloliita pambo, yalikuwa yanaingia tangu maombi ya ufunguzi. Alikuwa bado anatafuta neno la kumrudisha Andati kwenye kiti wakati kichwa cha Falis kilipotokea tena juu, kwenye ukuta wa roshani.

"Mama Ndeti! Haki maji yangu yanatoka mekundu! Ama ni ile harusi ya Kana imekuja huku?"

"Ni kutu!" Nzuki akajibu upesi. "Acha yatiririke kidogo."

"Kutu gani inanukia bitiruti?"

Ndoo zikawekwa chini. Andati alikitazama kile kifuniko cha chuma, kisha akamtazama Nzuki.

"Funueni," akasema.

Javan na Kyule wakakiinua. Maji yalikuwa yamefika katikati ya ngazi, rangi ya waridi, na juu yake chupa zilizunguka zikigongana, ting, ting, lebo zikiwa zimebanduka na kuogelea peke yazo. Koti la Kyule lilipita taratibu. Magunzi yaliyolegea yalikuwa yakitoka moja baada ya jingine.

Andati akapiga magoti, akachota chupa kwa upawa wa pilau. Akaitikisa sikioni.

"Mkwe, chupa iliyojaa huzama. Hizi zako zinaelea kama bata." Akang'oa gunzi, akanusa, akanywa funda moja, akameza kwa adabu. "Musiu siku hizi analima bitiruti?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa limefika kwenye ulimi wa Nzuki likiwa limevaa na kuchana nywele: barafu iliua mizabibu yote ya Musiu, maskini, ikabidi ageukie mboga. Ilikuwa hadithi nzuri sana. Lakini alipoinua uso alimwona Ndeti. Ndeti hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama tu, akingoja, kama mtu anayejua kwamba gari halitakuja na bado anatazama barabara.

Nzuki akavua kofia.

"Ni bitiruti," akasema. "Nimesaga mwenyewe. Musiu hajawahi kunitumia hata kadi. Ghala ndilo la kweli, mkwe. Ghala nimelijenga kwa mikono yangu na Kyule."

"Wewe kidogo tu," Kyule akasema. "Mimi ndiye niliyelijenga."

Kitambo hakuna aliyejua acheke au aondoke na mbuzi wake. Kyule, ambaye alikuwa akiwatafuta viboko wake kwa fimbo kule chini, akasema, "Ngoja. Kuna moja haijaelea."

Javan akakunja suruali, akashuka, akapapasa hadi maji yakamfika kifuani. Kiboko mkubwa hakutaka kuachia. Ilibidi amshike pua. Akapanda na chupa nzito, iliyojaa, utepe wa Krismasi ukimwaga maji shingoni mwake. Akaigeuza mbele ya Nzuki.

"Baba, hii si ile niliyokuletea mimi? Hukuinywa?"

"Ningeinywa vipi?" Nzuki akasema, macho yake yakiwa kwenye kofia. "Nilikuwa namngojea baba yako."

Ndeti alitoa sauti ambayo ilianza kama kilio, ikageuka njiani. Akacheka hadi akamshikilia Javan aliyelowa. Na kicheko cha Andati, ambacho huchelewa siku zote, kikaanza tumboni, kikapanda mabegani, kikatoka kwa kishindo.

"Nimeliona ghala," akasema alipopata pumzi. "Na waini nimeiona, moja, ya mwanangu. Hicho ni kitu cha kweli, mama, sivyo?" Alikuwa akimwambia Ndeti, na Ndeti akaitikia kwa kichwa. "Leteni kisu basi. Lakini zile chupa nyingine, mkwe... sufuria ni zako."

Mbuzi wakachinjwa. Chupa ya kweli ikafunguliwa, kila mzee akapata ya kulowesha ulimi, na mama yake Javan akasema amewahi kunywa dawa ya kikohozi tamu kuliko hiyo. Kyule aliulizwa na Andati kama viboko wanaweza kukaa kwenye veranda. Naye Nzuki, aprini yenye maua ikiwa imemkaa tumboni kama kinyago, aliketishwa kwenye kigoda katikati ya uani, sufuria zikarundikwa mbele yake. Maji hayakuwa shida. Yalikuwa mengi na ya waridi.

"Unajua, mkwe," akaanza, steel wool ya kusugulia mkononi, "kule hotelini kulikuwa na Mjerumani mmoja aliyenifundisha kuosha sufuria kwa..."

"Sugua," Andati akasema.

Akasugua. Baada ya kitambo akainua sufuria ya kwanza juu ya kichwa, wote waione. "Nimemaliza hii. Naapa kwa meno yangu yote, imetakata nje na ndani."

Nthoki akaipokea, akaipindua. Chini ilikuwa nyeusi kama tairi. Akairudisha ndani ya beseni, mbele ya wakwe wote, kisha akaenda jikoni akaleta ile kubwa ya pilau iliyoungua wakati wa maji, akaiweka juu yake.